Uvutano wa Dunia na Gunia la Viazi



Wako wasemao kwamba utajiri na umaskini vimewekwa na maumbile. Hoja hiyo na ijaribiwe hapa Magamba. Sayansi yafundisha kwamba hewa ya moto hupanda juu. Basi Wajerumani walioikimbia tambarare wakajenga Lushoto, wakaiita Wilhelmstal, kumbe walikuwa hewa ya moto! Tena, kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo sababu bei ya viazi huku juu husinyaa kwa baridi, na ikifika Dar es Salaam hupata joto ikafura.

Viazi navyo hushuka Mombo kwa uvutano wa dunia, na fedha yake hushindwa kukipanda kilima.

Lakini uvutano haukushona lumbesa. Kilemba kile juu ya gunia kimeshonwa na mkono wa mtu, na mkulima hulipwa gunia moja tu, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu mzigo kupita kilo 100. Mizani hutumia uvutano huohuo, nayo humsomea mchuuzi na mkulima tarakimu moja. Chama chenye mizani na kiitoe ghalani, viazi vipimwe mbele ya mwenyewe kabla gari halijapakiwa.