MIKONDO YA BAHARI, KUSI NA KASKAZI



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za maji ya bahari yaendayo kama mto. Hatusemi maji kujaa na kupwa. Hayo huvutwa na mwezi na jua. Mkondo ni jambo jingine, na nahodha asiyeujua hufika asikokusudia.

Asili yake ni jua. Nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, tena hupoa upesi; aliyekanyaga mchanga wa pwani saa sita mchana, kisha akatia mguu majini, ajua maana yetu. Basi katikati ya mwaka bara la Asia hupata joto jingi, hewa yake huwa nyepesi ikapaa, na hewa ya baharini huja kushika mahali pake. Ndio Kusi. Ifikapo Desemba Asia imepoa, na hewa hurudi huku kwetu, ndio Kaskazi.

Upepo uvumao siku nyingi upande mmoja huyaburura maji ya juu. Mkondo wetu watoka mashariki, bahari kuu, ukisukumwa na pepo za kusini-mashariki. Ukifika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mto Ruvuma, hugawanyika: tawi moja hushika njia ya Msumbiji, na la pili huja kaskazini, likipita Kilwa, Unguja na Mombasa. Tawi hili haligeuki mwaka mzima. Wakati wa Kusi hukaza mwendo, huweza kufika maili 4 za baharini kwa saa, likaendelea hata Somalia. Wakati wa Kaskazi hulegea, na mkondo wa Somalia, ambao hugeuka kabisa, huja kusini kulikabili. Hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, yote miwili ikapinda mashariki. Mikondo mikubwa igeukayo namna hii ni michache duniani.

Tena kuna ajabu. Kwa kuwa dunia yazunguka, maji yaendayo kaskazini ya ikweta hupotoka kuume. Kusi ivumapo Somalia, maji ya juu husukumwa mbali na pwani, na ya chini hupanda kushika mahali pake, baridi kupita kiasi, pungufu ya digrii 20, katika nchi ya jua kali! Hupanda na chakula cha viumbe vidogo, na samaki hufuata.

Sasa tuwaambie wakubwa wa pwani neno moja. Mkiletewa habari ya chombo kilichopotea, ulizeni kwanza siku, saa na mahali kilipoonekana mwisho. Mashua iliyozimika mashine jioni wakati wa Kusi, mkondo ukiwa maili 4, baada ya saa 12 yaweza kuwa maili 48 kaskazini, na upepo haujahesabiwa bado. Wanaoitafuta hapo ilipopotea hawataiona.