Usingizi Huandaliwa Asubuhi

Ndugu msikilizaji, wako wenzetu wengi hapa Shinyanga, Kahama na Geita ambao wakishapanda kitandani hugeukageuka mpaka jogoo awike. Wakiulizwa, mmoja atasema ni mawazo ya maisha, mwingine atadai amerogwa. Mawazo kweli yapo. Lakini mara nyingi usiku huharibiwa na mambo tuliyoyafanya mchana.

Mwaka 2015 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya usingizi wa watu wasiotumia umeme, wakiwamo Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Wengi tungedhani watu hao hulala mara tu giza linapoingia. La hasha! Kwa wastani walilala zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama, wakati hewa ikiendelea kupoa. Saa za kulala zilibadilika, lakini za kuamka hazikuyumba sana.

Hapo pana funzo. Mwili una saa yake, na mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha. Anayeamka saa 12 siku za kazi, kisha Jumapili akalala mpaka saa 4, anaivuruga mwenyewe. Basi tuamke saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na tutoke nje tupate jua.

Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana, kwa sababu saa 5 baada ya kunywa, karibu nusu ya kileo chake cha kuchangamsha huweza kuwa bado mwilini. Pombe nayo ni rafiki mnafiki: hukulaza upesi, kisha hukuamsha usiku wa manane. Simu iwekwe mbali na mto. Na usingizi ukikataa kuja, usishindane nao. Inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, urudi kitandani macho yakianza kuwa mazito.

Je, anayefanya kazi usiku afanyeje? Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Migodi ya namna hiyo haijui usiku wala mchana. Wanaapolo kwenye maduara nao ni hivyo hivyo. Mtu huyu hana budi kujitengenezea usiku wake: pazia zito, neti, simu imezimwa, na kulala mapema baada ya kurudi, kwa saa zilezile.

Lakini peke yake hawezi. Mke au mume awaambie watoto wakachezee mbali. Jirani apunguze redio. Mwenye baa akumbuke kwamba nyuma ya ukuta wake yupo mtu atakayeshuka shimoni jioni, au atakayeshika usukani wa lori. Akisinzia huko, hatuzungumzii tena uchovu, tunazungumzia msiba.

Na kama tatizo linarudi usiku kadhaa kila wiki kwa miezi 3, tusikimbilie vidonge vya dukani. Twende hospitali.

Ndugu msikilizaji, tumezoea kumsifu asiyelala kwamba ndiye mchapakazi, na anayelala kumwita mvivu. Tuache. Kumlinda mwenzako apate usingizi ni kumlinda uhai.