Kwa Mashua Katika Mto Rufiji

Wasikilizaji, leo nitawaeleza habari za mto Rufiji, mto mkubwa kupita yote ya Tanzania, na jinsi sisi abiria sita tulivyopanda mashua moja tukautazama siku nzima. Wengi wenu mmelisoma jina lake katika vitabu vya jiografia. Katika ramani huchorwa kama uzi wa buluu uliotulia mahali pake, walakini Rufiji hautulii.

Mto Kilombero na mto Luwegu hukutana huko kusini, na hapo ndipo jina la Rufiji huanzia. Baadaye Ruaha Mkuu huingia, na maji hayo yote, yaliyokusanywa katika nchi pana sana, hupenya katika bonde jembamba la mawe liitwalo Stiegler's Gorge. Yakitoka hapo hukuta tambarare mpaka baharini, kuelekea kisiwa cha Mafia. Maji ya mteremko yana nguvu ya kuchukua mchanga na udongo; yakifika tambarare nguvu hupungua, nayo huutua mzigo. Mzigo huo ndio mafungu ya mchanga. Mwaka huu fungu li hapa, mwakani li kule, na mto hujipigia njia mpya.

Tulipanda mashua Mloka, mwezi wa Septemba, 2025, wakati wa kiangazi. Alikuwamo mwalimu wa kike kutoka Kibiti, mwanafunzi mmoja, bwana na mkewe kutoka Uholanzi, mzee mmoja mwenyeji wa bonde, nami. Nahodha alikaa tezini penye mota, na msaidizi wake alisimama omoni na upondo.

Nilimwangalia sana nahodha yule. Macho yake hayakutoka katika uso wa maji. Penye viwimbi vidogo, na rangi imepauka, mchanga u karibu. Penye giza na utulivu pana kina. Na kwa kawaida kina hufuata ukingo mkali, upande wa nje wa pindi la mto, kwa kuwa huko ndiko maji yapitako kwa kasi yakila ardhi. Hata hivyo, mbele kidogo tulikwama. Mholanzi akainuka ili aruke asukume mashua. Nahodha akamwambia kwa upole, “Keti, bwana. Chini kuna wenyewe.” Akatuhamisha sote tezini, omo ikawa nyepesi, na upondo ukatutoa.

Wenyewe hao ni viboko na mamba. Kiboko hushinda majini mchana, kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Desturi ya manahodha ni kutopita kati yake na kina, maana akiona amezibiwa njia hushambulia. Mamba wao walilala juu ya mafungu, vinywa wazi. Mwanafunzi alidhani wanatutishia. Kumbe hivyo ndivyo mamba apozavyo kichwa chake. Tuliona pia mivumo iliyokufa, imesimama haina vichwa kama nguzo za nyumba iliyobomoka.

Tulipoingia hifadhini wageni walitaka simba. Kwangu mimi ukingo mmoja wa keremkerem washinda simba kumi: ndege wadogo wa rangi nyingi, wamechimba matundu yao katika udongo uliokatwa na mto, wakiingia na kutoka kama watu wa sokoni. Mto usipokata kingo, ndege hawa hawana mahali pa kuatamia.

Tuliporudi, karibu na mashamba, mzee alinyosha kidole katikati ya maji. Mwalimu akamwuliza, “Babu, kuna nini pale?”

“Shamba la baba yangu, mwanangu. Nilikaa pale juu ya dungu nikiamia ndege.”

Akatusimulia kwamba zamani watu waliishi bondeni humo humo. Mvua zilipoanza walipanda mpunga. Mto ukafurika na kuleta udongo mpya. Maji yalipopungua wakapanda mahindi na maharagwe katika unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlau. Gharika ilipozidi mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu kwenda vijiji vya nchi ya juu, katika Operesheni Rufiji. Wengi walipata shule na barabara, lakini mashamba yakawa mbali, na ngedere na nguruwe hawakumngoja mwenye shamba afike.

Sasa limekuja jambo lingine. Katika lile bonde la mawe umejengwa ukuta wa kimo cha meta 131, wa Bwawa la Julius Nyerere. Ulianza kushika maji Desemba, 2022, na umeme wa kwanza ulitoka Februari, 2024. Mitambo ni 9, kila mmoja wa megawati 235. Faida hiyo ni kubwa, nami nilipoona taa za umeme vijijini sikuweza kuibeza. Lakini maji yakisimama bwawani huutua udongo huko huko, na yanayoshuka ni mepesi, yenye njaa ya kula kingo na mafungu ya chini. Mlau unahitaji udongo ule. Tena Aprili, 2024, bwawa likiwa limejaa na mvua zikiwa nyingi, Rufiji na Kibiti ziligharikishwa, na nyumba na mashamba yakaenda na maji. Wengine husema ukuta uliipunguza gharika, wengine husema uliileta. Ubishi huo niliusikia hata mashuani, kati ya mwalimu na nahodha, wala haukuisha.

Mwanafunzi akamgeukia mzee. “Babu, zamani mlijuaje mafuriko yatakuja lini?”

“Tulitazama mbingu.”

“Na siku hizi?”

Mzee akakaa kimya mpaka msaidizi alipotupa kamba ufukweni. Kisha akasema, “Siku hizi kuna mtu huko juu mwenye ufunguo, nami simjui. Basi msimu huu nitapanda mpunga chini na mahindi juu. Chakula kitatoka upande mmojawapo.” Akachukua jembe lake chini ya ubao, akashuka.