Neno "Umalaika"

Jioni hii twataka kulitazama neno moja ambalo wanafunzi wetu katika chuo cha walimu hutuuliza maana yake mara kwa mara, nalo ni umalaika.

Neno malaika limetoka katika Kiarabu. Huko mmoja huitwa malak, na wengi ndio malaika. Sisi tulilichukua hilo la wengi, tukalitumia kwa mmoja na kwa wengi pia: malaika amekuja, malaika wamekuja. Basi asemaye "mamalaika" amekosa. Wala tusilichanganye na laika, yaani unywele laini wa mwilini, ambao wingi wake ni malaika. Hapo ma- ni kiambishi chetu wenyewe, nasi husema: malaika yamemsimama kwa baridi.

Tukitia u- mbele twapata umalaika, kama tupatavyo utoto na ufalme: ni hali ya kuwa malaika. Lakini hali hiyo ni ipi? Wengi hufikiri ni usafi tu. Mtoto mchanga huitwa malaika kwa kuwa hana dhambi; naye akifa, wazazi huambiwa neno hilo wapate faraja. Matumizi haya ni mema, wala hatuyapingi. Ila siyo maana yote.

Katika Kiebrania, lugha iliyo ndugu ya Kiarabu, neno la asili hiyohiyo maana yake ni mjumbe, awe ametumwa na mfalme wa duniani, awe ametoka mbinguni. Jina la nabii Malaki ni "mjumbe wangu". Kiyunani nacho chatumia neno moja, angelos, kwa wote wawili. Kiswahili kimewatenga: wa duniani ni mjumbe, wa mbinguni ni malaika. Ndiyo sababu masikio yetu hayasikii tena habari ya kutumwa ndani ya neno hili.

Hasara yake si ndogo. Umalaika ukiwa ni usafi peke yake, ni wa watoto wachanga tu, nasi watu wazima hatuna fungu ndani yake. Lakini mkunga aamkaye usiku wa manane kumwendea mama mwenye uchungu, akasifiwa kuwa ni malaika, hakusifiwa kwa kukosa dhambi. Amesifiwa kwa kuwa aliitwa, akaitika, akafika.

Basi, walimu wenzetu, tulifundishapo neno hili tuwape watoto maana zote mbili, usafi na utume.