Mchezo wa Magongo Usibaki Mikononi mwa Wachache

Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa Taveta mbele ya walimu, wazazi na vijana.



Leo ni Jumamosi, siku ya soko hapa Taveta, na najua kwamba baadhi yenu mmeziacha ndizi na nyanya zenu chini ya macho ya jirani ili mje kunisikiliza. Basi sitawaweka sana.

Nimekuja kusema juu ya mpira wa magongo, ambao wengine huuita hoki. Najua yuko kijana hapa anayeguna moyoni na kusema, "Sisi tunayo kandanda yetu, magongo yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla sijaketi. Lakini kwanza nataka niwape habari ambayo vijana wengi wa siku hizi hawakuisikia.

Mahali Tulipopata Kufika

Mwaka 1956 Kenya ilipeleka wachezaji wake katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne katika Australia, na timu ya magongo ilikuwa miongoni mwao. Mwaka 1964, huko Tokyo, timu hiyo ilikuwa ya 6. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut alipata nishani ya shaba kwa mbio za mita 800, nayo ikawa nishani ya kwanza ya Kenya. Jina la Kiprugut twalikumbuka, na inafaa tulikumbuke. Bali timu ya magongo tumeisahau.

Mwezi wa Oktoba 1971 Kombe la Dunia la mchezo huu lilishindaniwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona katika Hispania. Timu 10 zilikusanyika. Kenya ilifika nusu fainali, ikashindwa na wenyeji kwa bao 1 kwa 0. Kisha ikakutana na India kugombea nafasi ya 3, nayo ikashindwa mabao 2 kwa 1, tena baada ya muda kuongezwa. Hivyo Kenya ikawa ya 4 ulimwenguni. Nahodha wake alikuwa Avtar Singh Sohal, aliyecheza katika Olimpiki 4, tangu ile ya Roma mwaka 1960 hadi ile ya Munich mwaka 1972.

Mara ya mwisho timu yetu ya magongo kuonekana katika Olimpiki ilikuwa mwaka 1988, huko Seoul. Tangu hapo vijana wengi wamezaliwa, wamekua na kuzaa watoto wao, wala Kenya haijarudi huko na magongo yake. Yatupasa tuulize: Je, ni kitu gani kilichotuangusha?

Sababu za Kuanguka

Sababu ya kwanza ni kwamba mchezo ulikaa mikononi mwa wachache. Wengi wa wachezaji wale hodari walikuwa watu wa asili ya Bara Hindi, hasa Masingasinga na Wagoa, na walijifunza katika klabu za jamii zao na katika shule chache za mijini. Zamani za ukoloni klabu na shule zilitengwa kwa rangi, na mtoto wa Kiafrika aliweza kuutazama mchezo kupitia uani bila kupata kushika gongo. Wale waliocheza hawana lawama kwa kuwafundisha watoto wao jambo walilolipenda. Kila mzazi hufanya hivyo. Hasara ilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1967 na 1968, sheria mpya za ukaaji na biashara katika Kenya, na hofu ya kufungiwa mlango wa Uingereza, zilifanya jamaa nyingi zihame. Wakaenda Uingereza, Kanada na kwingineko, na ujuzi wao wakaenda nao. Nyuma yao hawakuwapo watoto wa kutosha, katika sehemu nyingine za nchi, waliokuwa wamekwisha kufundishwa.

Sababu ya pili ni uwanja. Mwaka 1976, huko Montreal, mchezo wa magongo katika Olimpiki ulihamishwa kutoka katika majani ya kawaida na kuchezwa juu ya zulia la majani ya bandia. Kenya haikucheza mwaka huo, wala mwaka 1980, kwa kuwa iliigomea michezo hiyo miwili. Uwanja wa City Park mjini Nairobi ulipata zulia kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Zulia la namna hiyo lina gharama kubwa, na mtoto aliyezoea kucheza juu ya ardhi akifika huko huona mpira ukimpita kama swala.

Lakini nawaambia kwamba sababu ya kwanza ndiyo kubwa. Uwanja waweza kujengwa kwa fedha katika mwaka mmoja. Mchezaji hajengwi kwa mwaka mmoja.

Mahali Ulipookoka

Mchezo huu haukufa kabisa, nasi tutazame ni nani aliyeuokoa. Uliokolewa na shule za mbali na Nairobi. Shule kama Musingu na Tigoi huko Magharibi, Misikhu karibu na Webuye, na St. Anthony's ya Kitale, zimejipatia sifa ya magongo katika mashindano ya shule za sekondari. Watoto wanaocheza huko ni watoto wa wakulima, kama ninyi. Kadhalika wanawake: klabu iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Telkom imetwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mara nyingi. Basi asiniambie mtu kwamba mchezo huu ni wa watu fulani au wa mji fulani. Ni wa yule aliyefundishwa mapema.

Kosa Langu Mwenyewe

Sasa nitawaeleza kosa nililolifanya mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu katika shule moja, ambayo sitaitaja jina. Tulipata magongo 18, nami nikafurahi mno. Wavulana 60 walikuja uwanjani siku ya kwanza. Nikawatazama wakikimbia, nikachagua 16 walio hodari, na waliosalia nikawaambia wakae kando wawashangilie wenzao. Wiki ya pili walikuja 30. Wiki ya nne hawakuja ila wale 16. Wasichana sikuwaita hata siku moja.

Timu ile ilishinda. Tulishinda mechi nyingi kwa miaka miwili, na mkuu wa shule akanisifu mbele ya wazazi. Nami, kama yule mgema wa methali, nililitia tembo maji. Mwaka wa tatu vijana wale walimaliza masomo wakaenda zao. Nilipoingia uwanjani na magongo yangu 18, hapakuwa na mtu wa kuyashika. Mvulana mmoja niliyemwita akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mimi uliniambia nikae kando." Sikuwa na neno la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo nisemapo kwamba mchezo ukikaa kwa wachache hufa, siwasemi wengine tu. Yaliyoipata Kenya yalinipata mimi katika uwanja mmoja wa shule.

Namna ya Kuanza Hapa Taveta

Basi tufanyeje? Sisi wa Taveta hatuna zulia, lakini tunayo ardhi tambarare, na tunao watoto. Nami naona yafaa tuanze hivi.

Kwanza, tuanze na watoto wadogo, wa miaka 8 hadi 12, katika shule za msingi. Udongo uwahi ungali maji. Kijana wa miaka 17 aweza kujifunza, lakini mkono wake umekwisha kuwa mzito.

Pili, tuanze kwa timu ndogo. Mchezo kamili una watu 11 kila upande, na uwanja wa urefu wa mita 91 na upana wa mita 55. Lakini upo mchezo wa watu 5 kila upande, katika uwanja mdogo, na huo si mchezo wa kubahatisha. Mwezi wa Januari 2024 Kombe la Dunia la watu 5 lilichezwa Maskati, katika Omani, na timu ya wanaume ya Kenya ilikuwamo. Penye uwanja mmoja wa kandanda mwaweza kupanga viwanja kadhaa vidogo, na watoto 40 wakacheza kwa wakati mmoja pasipo hata mmoja kukaa kando.

Tatu, tusingoje vifaa vya dukani. Gongo la kununua ni ghali. Kwa kuanzia, tawi gumu lililojipinda mwishoni, lililochongwa upande mmoja uwe bapa, latosha. Zamani hata magongo ya India na Pakistani yalichongwa kwa mti wa mforsadi, na aliyeyachonga alikuwa fundi kama mafundi wetu. Mpira wenyewe wa magongo ni mgumu, na uzito wake hupata gramu 160; huo msiwape watoto. Wapeni mpira wa tenisi, au wa matambara uliofungwa vizuri. Jambo la kukumbuka ni kwamba mpira hupigwa kwa upande ulio bapa tu, wala si kwa mgongo wa gongo, na mguu hauruhusiwi kuugusa, ila kwa mlinda lango.

Nne, sheria ya usalama itangulie sheria zote. Mtoto asiinue gongo juu ya kiuno chake. Anayeliinua atoke nje kwa dakika 2, hata akiwa ndiye hodari kuliko wote. Wazazi, najua mnaogopa kwamba tutawapa watoto silaha. Hofu yenu ni ya haki. Lakini mtoto anayefundishwa kushika gongo kwa kipimo, na kulishusha mwenzake akiwa karibu, anafundishwa kujitawala.

Tano, wasichana waanze siku ile ile wanayoanza wavulana, si baadaye. Wazazi wengi husema kwamba binti ana kazi jioni ya kuchota maji na kupika. Ni kweli, na sisemi kazi iachwe. Nasema tu kwamba hata mwanawe wa kiume ana mikono. Wakigawana ndoo, wote wawili watapata nusu saa ya kucheza.

Sita, wapeni vijana kazi isiyokuwa ya kucheza tu. Asiye na mbio aweza kuwa mwamuzi. Anayependa hesabu aandike mabao. Kijana wa bodaboda aliyemaliza shule aweza kufundisha wadogo zake siku mbili kwa wiki. Mwalimu huhamishwa; leo yuko Mata, mwakani yuko Wundanyi. Ikiwa ujuzi wote umo kichwani mwake, siku anapopanda gari mchezo nao umepanda gari.

Jibu kwa Kijana wa Kandanda

Sasa narudi kwa yule kijana aliyeguna. Ndugu yangu, sikutaki uache kandanda. Nakuuliza jambo moja. Katika shule yako timu ya kandanda ina nafasi 11, na wanaotaka kucheza ni 100. Wale waliosalia waende wapi jioni? Wengine hurudi nyumbani. Wengine hukaa barabarani wakitazama malori yanayovuka kwenda Holili. Wengine huanza kunywa na kuvuta mambo ambayo mama zao hawayajui. Mchezo wa pili katika kijiji ni mlango wa pili katika nyumba: watu hawasongamani penye mlango mmoja, na yule aliyefungiwa huu hupita katika ule.

Tena katika kandanda mtashindana na Kenya nzima, ambako kila shule ina timu. Katika magongo shule zenye timu si nyingi. Shule ya Mahoo au ya Chala ikiwafundisha watoto wake miaka 5 kwa saburi, itajulikana mbali upesi kuliko inavyodhani. Lakini hiyo isiwe sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza iwe kwamba mtoto asiyepata nafasi penginepo apate nafasi hapa.

Neno la Mwisho

Namaliza. Msinipe ahadi ya kombe, wala msiandike barua leo kuomba zulia. Chagueni shule 3 tu zilizo karibu, ili watoto waweze kwenda kwa miguu. Kila shule iwe na watoto 30, wasichana na wavulana sawa. Wacheze mara 2 kwa wiki kwa muhula mmoja. Mwisho wa muhula msihesabu mabao, hesabuni watoto. Wakiwa ni 30 bado, mmeshinda. Wakiwa 40, mmeshinda zaidi. Wakiwa 16, tena wote ni hodari, basi kumbukeni magongo yangu 18 na yule mvulana aliyenijibu kwa adabu, mrudi mkawaite waliokaa kando.

Mwenye kutaka kuona tawi la kuchonga linavyokuwa, nimeleta 2, yako hapa mezani. Nitakaa hapa mpaka soko liishe.