Uyoga Wenye Vitundu: Geuza Kofia Utazame

Msikilizaji wa Bodo, Msambweni na Diani, masika yakishika, uyoga huchipuka. Mwingine huota chini ya mbambakofi, mti ambao mizizi yake hulishana na uyoga ardhini. Ukiuona, geuza kofia yake. Uyoga mwingi una kuta nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu. Jamii ya boleti haina kurasa hizo. Ina vitundu vidogo vidogo, na shina lake mara nyingi ni nene. Vitundu, si kurasa: hiyo ndiyo alama. Lakini alama hiyo inakutajia jamii tu. Haikuhakikishii usalama, kwa sababu ndani ya jamii hiyo hiyo kuna uyoga unaolika na kuna wenye sumu.

Utaambiwa, mbona konokono ameula na yu hai? Mwili wa konokono si wako. Kinachomshibisha yeye chaweza kukuua wewe. Utaambiwa tena kwamba moto utamaliza sumu. La hasha. Sumu ya uyoga hatari zaidi haiondoki kwa kuchemshwa, na dalili zake huchelewa saa nyingi, huku ini likiumia. Hata rangi ya buluu inayotokea ukikata baadhi ya boleti haitoshi kuamua kama zinalika. Vitundu pekee havitoshi. Usile uyoga wa porini ambao mjuzi wa uyoga wa hapa hapa hajautambua. Mtoto akiula, usingoje atapike. Mkimbize hospitali ya Msambweni au iliyo karibu nawe, na ubebe mabaki ya uyoga huo, kofia na shina pamoja, ndani ya karatasi.