Mugongo, bidoni na kasha letu la kusaidiana

(Maneno ya wanachama wenye kuumwa mgongo, yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu, Ndosho)



Tumeombwa kueleza kwa nini tunataka kasha la chama libadilishe namna linavyosaidia wagonjwa wa mgongo. Mutuvumilie, ni maneno marefu kidogo. Anayechoka kukaa asimame. Sisi wenyewe tutasimama mara mbili tatu, si kukosa heshima.

Hapa Ndosho tuko jirani na hospitali ya CBCA, inayojulikana hata mbali kwa kupasua watu waliojeruhiwa vitani. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia Goma, wote tuliona majeruhi walivyokuwa wanafika. Basi mu mtaa kama huu maumivu yanapimwa kwa kidonda. Mwenye risasi mu mguu anaeleweka. Mwenye mgongo hana cha kuonyesha: uso ni mzima, leo anatembea, kesho analala. Ndipo maneno yanaanza: "Ule mama eko muvivu." "Anakimbia kazi ya bwana yake." Wengine wanataja ulozi. Tunaomba hayo yaishe, kwa sababu kitu kinachouma kinajulikana vizuri.

Uti wa mgongo ni pingili moja juu ya nyingine, na kati yao kuna vimito ambavyo madaktari wanaita diski. Ziko 23. Nje ni ngumu kama mpira, ndani ni laini kama ute. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu yake. Inapata chakula kidogo kidogo toka mfupa jirani, ndiyo maana ikichanika haifungi haraka kama ngozi. Ikipasuka, ule ute unaweza kutoka na kusumbua neva, na hapo maumivu yanashuka: kiuno, tako, paja, mpaka vidole vya mguu. Mara nyingi ni zile mbili za chini kabisa.

Mzigo si sababu peke yake. Umri uko, ukoo uko, sigara nayo iko. Lakini tuhesabu. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Mama anayeteka mara nne kwa siku amebeba kilo 80, juu ya mawe ya volkano ambayo hayana pa kukanyaga sawa, na mara mingi mtoto eko mu kitenge. Sisi wengine tulibeba nyumba nzima, shitingi, sufuria na mtoto, siku tulipotoka kambi ya Bulengo mwezi wa pili 2025. Mgongo uliokuwa unalalamika ulikataa kabisa.

Sasa habari ambayo wengi hawaijui. Diski iliyotoka mara nyingi inarudi kupungua yenyewe mu majuma au miezi, bila kisu. Na kwa wale ambao maumivu yamepita miezi mitatu na hayaishi, Shirika la Afya Duniani lilitoa maagizo mwezi wa 12, 2023: kumufundisha mgonjwa kuhusu hali yake, mazoezi, na dawa fulani za maumivu kwa uangalifu. Lilisema pia mambo ya kuacha, na humo muko mikaba ya kiuno na dawa kali za jamii ya morfini. Tramadoli, inayouzwa hapa kama karanga, ni ya jamii hiyo. Shirika hilo hilo linataja watu milioni 619 wenye kuumwa kiuno duniani mwaka 2020. Kwa hiyo hatuko peke yetu, na si wote walilogwa.

Tutazame namna pesa zetu zinatoka. Mutu anaumwa, anakimbia farmasi, anachomwa diklofenaki. Anapata nafuu siku mbili, anarudi kubeba, anarudi kuchomwa. Sindano hizo zikizidi zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Halafu anapelekwa kupiga radio, na radio inaonyesha mifupa tu, diski haionekani humo. Hata mashine kubwa inayoonyesha diski inaweza kudanganya: uchunguzi mmoja wa 2015 ulikusanya picha za watu ambao hawaumwi kitu, na diski zilizochakaa zilikuwa kwa 37 kwa mia wa umri wa miaka 20, na kwa 96 kwa mia wa miaka 80. Picha si hukumu.

Kinachotusaidia sisi ni kidogo na hakina sifa. Siku ya moto tunalala chali, miguu juu ya gunia au kiti, dakika chache, kisha tunainuka. Kulala siku tano kunazidisha. Tunatembea, leo mpaka kwa jirani, kesho mpaka barabara. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa na kitambaa, kiunoni. Kulala ubavu na nguo iliyokunjwa kati ya magoti. Basani ya kufulia na babula tunaviinua juu ya mawe mpaka urefu wa goti (mawe angalau hapa hatukosi!). Bidoni ya lita 20 tunaigawa mu mbili za 10, moja kila mkono. Na mambo ya bwana na bibi, museme wazi nyumbani: kuna namna ya kulala isiyoumiza, kuliko kunyamaza mpaka ugomvi.

Kuna siku lakini ambayo si ya kuvumilia. Ukihisi ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, ukishindwa kushika mkojo au ukashindwa kuutoa, miguu ikipoteza nguvu, ni hospitali siku ile ile, hata usiku. Na mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda, au kinundu kinachotokea: inaweza kuwa tibi ya mifupa. Hiyo si diski. Ina dawa yake, ya miezi mingi, na anayechelewa anaweza kupooza. Mbele ya jambo hilo hatutaki kusikia mtu anachanjwa na kupakwa unga.

Basi maombi yetu. Kasha liache kulipa mifululizo ya sindano. Lilipe mara moja mgonjwa aonwe na daktari na afundishwe mazoezi na mtu wa kine. Kisha, kwa majuma sita, lilipe chukudu imuletee maji, makala na unga mpaka mlangoni. Wapapa wa chukudu tuko nao humu ndani, pesa hizo zitabaki kwetu. Kuna wanachama wanaosema kumulipia mutu maji ni kumuzoesha uvivu. Tunawajibu hivi: kasha limekuwa linalipa uharibifu, bei ni ileile au inazidi, na mgonjwa harudi sokoni.

Kwa wafadhili, ombi ni dogo zaidi. Mukituma bidoni, mutume za lita 10. Unga ukija mu magunia ya kilo 50, ufunguliwe na ugawanywe palepale, asiachiwe mama kuubeba peke yake toka barabara. Na kwenye mustari wa kugawa, muweke benchi kwa wanaoshindwa kusimama na nafasi kwa wanaoshindwa kukaa, bila kuwauliza kidonda.

Kura itapigwa mkutano ujao. Wenye mgongo wakuje na mikeka yao, tutawapelekea karatasi pale walipolala.